Mwenye Kola, Mwenye Ng'ombe

"Huyo hatoki," alisema Nkwimba, akaishika kamba.

"Anatoka," alisema Ng'washi, akaivuta upande wake. "Umesema wanne, nimeleta wanne. Sasa unataka na kunichagulia?"

"Nimesema wanne, sikusema wenye mimba. Una ng'ombe kumi na wawili mle ndani, mama. Yupo yule mwekundu wa pembe moja, mzee, hana hata jino la kutafunia. Toa huyo. Huyu ana mimba ya miezi saba. Mtu gani mwenye akili anapeleka machinjioni ng'ombe mwenye mimba ya miezi saba?"

"Mtu aliyeambiwa atoe wanne."

Ng'ombe mwenyewe, jike jeusi lenye baka jeupe kifuani, alisimama katikati yao akipepesa macho kwa vumbi. Nyuma yake lori la kwanza la machinjio lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume, ubao wa kupandia umeshateremshwa. Dereva alikuwa juu ya kichwa cha lori, miguu inaning'inia, anatafuna muwa.

"Akina mama," alisema, "muulizeni na ng'ombe, labda ana maoni."

"Wewe tafuna muwa wako," Nkwimba alimjibu bila kugeuka.

Ilikuwa saa tatu asubuhi na jua lilikuwa limeshaanza ukali. Upande huu wa uzio ardhi ya Mwabasenga ilikuwa nyeupe, imepasuka vipande vipande, haina hata mzizi wa kumpa mbuzi matumaini. Upande wa pili lilianza ngitiri, malisho ambayo tangu mababu hufungwa wakati wa masika ili yafunguliwe kiangazi kikali. Mababu walilifunga kwa miba na faini. Sasa lilifungwa kwa uzio na kufunikwa kwa paneli za jua, safu kwa safu, juu ya nguzo ndefu mara mbili ya mtu, na chini yake kulikuwa na kivuli na nyasi. Nyasi zenyewe hazikuwa nyingi tena.

Nkwimba alishusha sauti. "Mama Ng'washi, nieleze kama mtu mzima kwa mtu mzima. Kwa nini sio yule mwekundu?"

"Kwa sababu sio wangu."

"Kola yake ina jina lako."

"Kola ina jina langu. Ng'ombe hana."

Nkwimba aliiachia kamba. Alijua kabla neno halijaisha. Alitupa macho kwenye uzio wote, walikofungwa ng'ombe waliokuwa wakisubiri lori, karibu mia mbili na sitini, zaidi ya mia na ishirini kati yao kutoka nyumba thelathini na moja, na akafanya jambo ambalo angepaswa kulifanya tangu alfajiri. Alitazama masikio. Hakuona hata sikio moja la kushoto lililokatwa pembe tatu. Walikuwa majike yenye mimba, mitamba, madume yenye shingo nene. Masikio mazima matupu.

Wenye sikio lililokatwa walikuwa ndani wote, kivulini, wanakula.

"Marehemu mume wangu alikabidhiwa wale wanane mkononi," alisema Ng'washi. "Tumekunywa maziwa yao miaka kumi na tisa. Nikitoa wa mtu nikabakiza wangu, nitaitwa nani, mwanangu? Nitapita njia ipi?"

Hata Nkwimba alilelewa hivyo. Mwenye ng'ombe wengi humkabidhi asiye nao. Hiyo ndiyo kubilisha. Unachunga, unakamua, samadi unapeleka shambani kwako. Ndama ni wa mwenyewe, na ng'ombe akifa unampelekea mwenyewe ngozi yake. Njaa ikija, wa kwako ndiye anayetangulia kufa. Wa amana anafuata.

Watunza amana thelathini na mmoja, kila mmoja kwa heshima yake, walikuwa wameleta wa kwao.

"Usimpandishe," Nkwimba alimwambia dereva. "Usipandishe hata mmoja mpaka nirudi."

"Saa sita naondoka, Bibi Malisho. Nikiwa nao, nisiwe nao."

"Saa sita nitakuwa hapa."

*

Aliwasha pikipiki akaingia ngitirini, akifuata njia ya katikati ya safu. Paneli zilikuwa zimeinamia mashariki zikilifuata jua, na vivuli vyake vililala chini kama mbao za daraja. Katika kila ukingo wa chini wa paneli nyasi zilisimama kwenye mstari mmoja mnyoofu, mbichi kuliko kwingine. Hapo ndipo maji yalipodondoka kila alfajiri, umande uliokusanywa na kioo kizima ukishuka tone kwa tone. Mwaka wa tatu huu bila mvua za maana, na mstari wa tone ndio uliokuwa umewalisha.

Vitalu vilikuwa tisini. Ng'ombe wote mia tisa na kumi na wawili walikaa kitalu kimoja kwa siku moja, wamebanana, wakila, wakikanyaga, wakiacha kinyesi chao, kisha wakahama. Kitalu hicho hakikuona kwato tena mpaka siku ya tisini. Hakukuwa na mtu wa kuwahamisha. Kola iliunguruma kwenye sikio la kulia, ng'ombe akageuka kushoto. Ikaunguruma yote mawili, akasimama. Aliyekaidi alionja mshtuko mdogo, na ng'ombe hakaidi mara tatu.

Aliyeamua yote hayo, kola na paneli na siku, ni mtambo ambao kijiji kiliupa jina la Karani. Ulikuwa na macho chini ya kila paneli na sauti kwenye kisanduku alichovaa Nkwimba kiunoni.

Alisimamisha pikipiki kitalu cha arobaini na moja, akashuka, akapiga goti na kuingiza ngumi kwenye nyasi. Nyasi zilifika juu ya kidole gumba, basi. Wiki iliyopita zilifunika kifundo cha mkono. Mkataba na wenye paneli ulikuwa wazi kuliko mikataba mingi. Nyasi zikishuka chini ya ngumi, ardhi itatoa vumbi. Vumbi likipanda kwenye vioo, umeme utapungua. Wao watafunga ngitiri, watamwaga kokoto chini yote, na ng'ombe hataingia tena. Kwa hiyo leo, saa sita, ng'ombe mia mbili sitini na watano walipaswa kutoka.

"Karani."

"Nakusikia, Bibi Malisho. Kiwango cha kitalu hiki ni sentimita tisa."

"Nimeona. Nataka kuuliza, sio kuandikisha."

"Uliza."

"Tuseme humu ndani yupo mtu mmoja mwenye ng'ombe mia mbili sitini na nane."

"Hayupo. Mwenye wengi kuliko wote ana kumi na sita."

"Nimesema tuseme."

Karani alijibu kama karani wa kweli aliyefungua jalada. "Sheria niliyofundishwa na mkutano wa kijiji inasema: anza na mwenye wengi, na usimshushe mtu yeyote chini ya watatu. Huyo angetoa mia mbili sitini na watano, akabaki na watatu. Orodha ya leo ingefutwa yote. Wengine wasingetoa hata mmoja."

Nkwimba alivuta pumzi. "Na maziwa?"

"Kama ng'ombe hao ndio wale walio kwenye nyumba thelathini na moja, nyumba hizo zingekosa maziwa kuanzia jioni ya leo. Ng'ombe wao wenyewe wa kwanza atazaa baada ya wiki nane. Nyumba hizo zina watoto arobaini na sita walio chini ya miaka mitano."

"Sikukuuliza watoto."

"Uliuliza maziwa."

Alisimama akajifuta goti. Kundi lilikuwa linasonga taratibu mbele yake, na sasa kwa kuwa alikuwa amejua pa kutazama, hakuona kingine zaidi ya masikio ya kushoto.

"Mtu huyo anaitwa nani?" Karani aliuliza.

"Nimesema nauliza tu."

"Nimekuletea taarifa hii mara tisa katika miaka mitatu. Ng'ombe mia mbili sitini na wanne wa nyumba tofauti wana damu ya ukoo mmoja na alama moja ya sikio. Mara zote umebonyeza 'puuza'."

"Najua nilichobonyeza."

Alijua na alichokiandika. Miaka kumi na minne iliyopita kola zilipofika, yeye ndiye aliyekaa kwenye meza chini ya turubai, bibi harusi wa mwaka mmoja, stashahada yake ya mifugo bado haijashika hata mkunjo. Fomu ilikuwa na nafasi moja tu: mwenye. Watu walipanga foleni na ng'ombe wao, na yeye akawauliza, nani anamtunza huyu? Wakajibu, akaandika. Kuuliza ni wa nani kungekuwa sawa na kumsimamisha mtu mbele ya majirani na kumuuliza shati alilovaa ni la nani. Msichana aliyelelewa vizuri hakuuliza hivyo. Na aliyeitengeneza fomu, ambaye alikuwa mbali sana na Mwabasenga, hakujua kwamba mwenye kola na mwenye ng'ombe wanaweza kuwa watu wawili.

Kulifuta kosa hilo kulihitaji dakika moja. Karani hakupokea maandishi kwa habari za umiliki, kwa kuwa zamani watu walimwandikia majina ya marehemu. Alitaka sauti. Aliyeandikisha ndiye aliyetakiwa kutamka jina la mwenye ng'ombe kwa kinywa chake, mara mbili, na watu wawili waseme wamelisikia.

Na jina hilo Nkwimba hakuwa amelitamka tangu siku ya harusi. Lilikuwa jina la baba mkwe wake.

*

Katika ukoo alikoolewa, mke wa mwana hatamki jina la baba wa mume. Halitamki na haliandiki. Fomu za shule za watoto wake watatu alijaza mwenyewe majina mawili ya kwanza, la tatu akamwachia baba yao, ambaye alifanya kazi mgodini na kurudi kila mwisho wa mwezi; kuna mwaka mmoja wao, Limi, alianza darasa wiki mbili nyuma ya wenzake kwa kusubiri neno moja. Nkwimba alikuwa mtu wa kusema wazi, watu walimjua hivyo, hata mkuu wa wilaya aliwahi kumwomba apunguze. Lakini hilo alilishika. Kuna mambo mtu anayashika kwa sababu hayajawahi kumgharimu.

Mzee alikuwa amekaa nyuma ya ghala la mtama, na mama mkwe, Milembe, mbele ya ghala akichambua kunde. Nkwimba alipiga goti upande wa mama mkwe, uso ameugeuzia kunde. Hivyo ndivyo walivyozungumza siku zote, watu watatu na ghala moja.

"Mama, mwambie baba nimetoka getini."

"Mzee, mkweo ametoka getini."

"Nimesikia," ilisema sauti nzito nyuma ya ghala. "Mwambie karibu."

"Mwambie baba watu wanatoa ng'ombe wao. Wa kwake hawatoi. Wanatoa wenye mimba, wanabakiza vikongwe wa amana."

Milembe alifungua mdomo, mzee akawahi. "Nilitegemea hivyo. Niliwakabidhi watu, sikukabidhi wezi."

"Mwambie baba ng'ombe hao wakiondoka, watu thelathini na mmoja hawana kitu tena maisha yao yote."

"Mwambie," alisema mzee, "mwaka wa homa ya mapafu nilipowagawa sikuwa naificha mashine kitu. Mashine haikuwepo. Niligawa ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize yote, na mtu asiye na ng'ombe apate cha kummiminia mtoto kwenye ugali. Mwambie hajanikuta nikimnyima mtu."

"Ameshasikia, mzee," alisema Milembe. "Hana masikio ya kuazima."

"Mwambie baba najua," alisema Nkwimba. "Kosa ni langu. Niliandika mtunzaji mahali pa mwenyewe. Naomba anisaidie kulifuta. Aje getini, akubali mbele ya watu kwamba ni wake. Akitaka, awape moja kwa moja hao wanaowatunza. Leo leo."

Kunde zilidondoka kwenye ungo, moja moja.

"Sio wangu wa kugawa," alisema mzee, na sauti ilikuwa imepoa. "Mle mna mahari ya watoto wa ndugu zangu wawili, wote chini ya udongo. Mna na ya wanao. Na nikisema ni wangu, nini kinafuata? Wanatoka. Jioni kuna vibuyu vitupu thelathini na kimoja. Na kila mtu atajua kwamba Kishosha hana ng'ombe kumi, ana wawili. Binti yake ameolewa kwa ng'ombe kumi aliowaona mkwe wake zizini. Mwambie nimewapa watu zaidi ya maziwa. Nimewapa sura ya kuonekana watu. Unawavua hiyo mchana, mbele ya lori?"

Nkwimba alikuwa na ng'ombe sita wa mzee kwenye kola zake mwenyewe, na mwanawe wa mwisho asubuhi hiyo alikuwa amekunywa maziwa ya mmojawapo. Kama mzee angekuwa mwongo au mchoyo, kazi ingekuwa rahisi. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa umekaa juu ya vichwa vya watu kama paneli, unawapa kivuli na wakati huo huo unakula jua lao.

"Mwambie baba," alisema mwishowe, "ng'ombe wakiwa wamekufa, sura haitabaki. Mwakani watu watakuja kuomba hata wa kuchunga."

"Mwambie mimi sitalisema. Na yeye," mzee alisita, "yeye namjua, amelelewa. Hawezi kulisema. Basi lori liondoke na lilichopewa."

Milembe alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, ungo bado mkononi. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyesikia mengi ya kupelekewa mwingine.

"Miaka hamsini na miwili," alisema. "Namwita 'wewe'. Siku moja nilipoona nyoka karibu na mguu wake nikapiga kelele 'wewe, wewe, wewe', akadhani nagombana naye."

Nkwimba alicheka bila kutaka.

"Ukilisema," alisema Milembe, "nitalia siku tatu na sitapokea salamu yako. Siku ya nne njoo, kuna mtama wa kusaga."

*

Saa tano na nusu. Watu walikuwa wamejaa getini. Habari ilishatangulia kama inavyotangulia siku zote. Mtu alimwona akipiga goti mbele ya ghala, mwingine akahesabu moja na moja.

Kishosha alimpokea kabla hajazima pikipiki. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini, mpana wa mabega, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. "Bibi Malisho, tunaomba usitufanyie hivyo."

"Bado sijafanya kitu."

"Tunakuona ulivyokuja. Ng'ombe wangu wawili hawa hapa nimewafunga mwenyewe, na wengine wawili wa amana nimewaongeza sasa hivi kutimiza wanne, nimeshamwomba mwenyewe radhi. Sijalalamika. Umesikia nikilalamika?"

"Hapana."

"Basi tuache na heshima yetu. Unataka tuonekane ombaomba?"

"Nataka mwakani uwe na ng'ombe."

"Mwakani!" alisema mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Huyu anakunywa leo. Wewe una mshahara, dada. Utamnunulia wako maziwa ya paketi. Sisi jioni tutamkamua nani? Tukukamue wewe?"

Watu wakacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Nkwimba hakukasirika. Ilikuwa kweli. Alifikiri watoto arobaini na sita, na hesabu ilikataa kutulia; kila alipoigeuza ilikuwa na watoto upande huu na ndama upande ule, wiki nane upande huu na miaka yote upande ule.

"Saa sita kasoro dakika kumi," alisema Karani kiunoni mwake. "Orodha itafungwa saa sita kamili. Ng'ombe watakaokuwa nje hawataruhusiwa kurudi ndani msimu huu."

Dereva alikuwa amemaliza muwa. Aliruka chini akaanza kazi, maana saa ilikuwa saa. Wa kwanza kwenye ubao alikuwa jike jeusi la Ng'washi. Alipanda hatua mbili, kwato zikateleza, akaanguka kwa magoti na tumbo likagonga ubao kwa sauti ambayo kila mfugaji pale aliisikia tumboni mwake mwenyewe. Ng'washi hakupiga kelele. Alikwenda akaweka mkono chini ya shingo ya mnyama, akamwinua polepole, akimnong'oneza, kisha akamgeuza tena kuelekea juu.

"Subiri," alisema Nkwimba.

Aliwageukia watu. "Nani kati yenu anataka nilitaje? Mmoja tu. Aseme."

Hakuna aliyesema. Kishosha alitazama viatu vyake. Mwenye mtoto mgongoni alimpandisha mtoto juu kidogo na kukaza kanga.

"Usituulize," alisema Ng'washi kutoka kwenye ubao. Hakugeuka. "Ukituuliza tutasema hapana. Ndivyo tulivyofundishwa kusema. Hata mimi nitasema hapana, na huyu wangu hapa anateleza."

Upande wa njia, zaidi ya watu, vumbi lilikuwa limepanda. Baba mkwe wake alikuwa anakuja kwa miguu, fimbo mkononi, kofia kichwani, peke yake. Hakuharakisha. Watu walimfungulia njia akasimama hatua kumi kutoka getini, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano hakukuwa na ghala kati yao.

Nkwimba alishika kisanduku kiunoni. Aliongea haraka.

"Karani, naandikisha. Ng'ombe wote mia mbili sitini na wanne wa sikio la kushoto lililokatwa, kola zao niliziandika kwa majina ya watunzaji. Niliandika vibaya. Mwenyewe ni mmoja, pamoja na wale wanne walio kwa jina lake."

"Taja jina la mwenyewe."

Nkwimba alikileta kisanduku mdomoni.

"Jilala," alisema.

Mwanamke mmoja alijiziba mdomo. Mwingine alisema "Mayu wee" kwa sauti ya chini. Jina lilikuwa fupi kuliko alivyolikumbuka.

"Limepokelewa," alisema Karani. "Rudia, jina kamili."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Mara ya kwanza ingeweza kusingiziwa jua, hasira, ulimi kuteleza. Mwanamke anaombewa msamaha kwa kuku mweupe, mambo yanaisha. Mara ya pili haina kisingizio. Nkwimba aliinua uso akamtazama mzee machoni, kwa kuwa kama angelisema akitazama chini ingekuwa wizi.

"Jilala Masunga," alisema, na safari hii lilifika mpaka kwa dereva. "Baba wa mume wangu."

"Mashahidi wawili waseme wamesikia."

Upepo ulipita kati ya nguzo, ukafanya vioo kulia kidogo.

"Nimesikia," alisema Ng'washi. Alikuwa ameshashuka ubaoni na ng'ombe wake.

"Shahidi mmoja," alisema Karani. "Dakika nne."

Nkwimba alimtazama Kishosha. Kishosha alifungua kifungo cha juu cha shati, akakifunga tena. Wengine walitazama lori, uzio, mawingu ambayo hayakuwepo. Dakika moja ikapita, na nyingine, na Nkwimba akaona waziwazi kwamba alikuwa amevunja mwiko bure.

"Nimesikia," alisema mzee Jilala.

Hakuna aliyejua kama ilikuwa ushahidi au lawama. Karani hakuuliza. Alikuwa amepata sauti mbili.

"Orodha imebadilishwa. Wanatoka mia mbili sitini na watano."

Kutoka kitalu cha arobaini na moja ulikuja mngurumo mdogo wa kola nyingi kwa wakati mmoja, kama nyuki waliohamishwa. Kundi lililokuwa limebanana miaka kumi na minne likaanza kujichambua lenyewe. Kutoka kila upande ng'ombe wenye sikio lililokatwa waliinua vichwa nyasi zikiwa bado mdomoni, wakageuka, wakaja wakipita chini ya paneli, kivuli, jua, kivuli, jua, mpaka safu ya kwanza ikasimama nyuma ya geti. Mwekundu wa pembe moja alikuwa mbele. Nyuma yake Nkwimba aliwaona sita wake.

Geti halikuwa la umeme. Alivuta komeo kwa mikono miwili, akalisukuma.

Walitoka hatua tano, wakasimama. Nje ya uzio kola hunyamaza, na ng'ombe hawa walikuwa wamesahau kwenda bila kuambiwa sikioni. Walijazana mlangoni wakishangaa mwanga, wa nyuma wakisukuma wa mbele, na hakuna mtu aliyesogea kuwasaidia, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wa mzee, na mzee alikuwa amesimama na fimbo yake chini.

Nkwimba alimwendea. Hakupiga goti. Alinyoosha mkono, na baada ya muda mrefu mzee akaiachia fimbo.

Alirudi getini, akazunguka nyuma ya yule mwekundu wa pembe moja, akampiga kidogo kwenye paja.

"Haya," alimwambia. "Twende."

Kisha akawapeleka kwenye lori, mmoja baada ya mwingine, akianza na wale sita wa kola zake.